Mwili Aliouota Bi Kuruthumu

Kwa miaka kumi na tisa Bi Kuruthumu aliwaosha maiti wa kike wa Kiislamu pale Tukuyu, na kila mmoja wao yeye alimwota kabla hajafa. Baada ya ndoto, hakuna aliyevuka Ijumaa ya pili. Hakupata kumwambia hata mmoja. Aliwatazama wakipima chumvi dukani, wakiwasema waume zao, naye akanyamaza, akiamini kwamba huko ndiko kuwahurumia.

Masika ya mwaka ule watu wa Kyimo walipokuwa wakihamishiwa kijiji cha ujamaa, aliota mwili wake mwenyewe. Aliyekuwa akiuosha ni Mwanahalima, mke wa mwanawe Zuber, naye alikuwa akilia kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Kulipokucha ilikuwa Jumatatu. Alihesabu Ijumaa kwa vidole, akahesabu tena, zikabaki mbili zile zile. Kisha akachukua panga, akaangusha mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, akamwita mkwewe wasaidiane kuulaza kwenye benchi nyuma ya jiko. Akaufunika kanga kuukuu.

"Leo utajifunza kuosha," alisema.

Mwanahalima alicheka. "Marehemu mnene huyu, mama. Alikuwa akila nini?"

"Mbolea. Zungushia mkono kitambaa, maiti haguswi mkono mtupu. Anza upande wa kulia."

"Mgomba nao una kulia?"

"Kichwa kiko huku. Basi kulia ni huku. Maji pitisha chini ya kanga, usimfunue."

Walirudia kila asubuhi. Alhamisi wakafikia maji ya mwisho, yale ya karafuu maiti. Harufu ile Bi Kuruthumu aliizoea kama moshi wa jiko lake, lakini siku hiyo ilimpanda kichwani, akakimbilia migombani, akatapika.

"Unaumwa, mama?"

"Uzee tu."

Mikono ilimtetemeka, akaificha kwenye kanga. Usingizi ulikuwa umemkimbia siku tatu. Kila kikohozi alikisikiliza. Akaona hawezi tena. Lazima mtu mmoja ajue, alale naye chumba kimoja, amshike mkono.

"Mwanahalima, mwanangu, nina neno."

Mkwewe aliweka kata chini. "Hata mimi ninalo, naomba nitangulie. Sokoni wanasema, kwa unavyowatazama, huwa unawaota watu kabla hawajafa. Sijui kama ni kweli, wala sitaki kujua. Ila ukiniota mimi, usiniambie. Niache nife huku nikiwaza nitapika mboga gani."

Bi Kuruthumu aliivuta kanga ya mgomba ikae sawa.

"Na wewe je, mama? Ungependa kuambiwa?"

"Hapana." Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria. Aliwakumbuka wale wanawake na chumvi yao, na kwa mara ya kwanza akawaonea wivu.

"Haya, neno lako?"

Bi Kuruthumu alijua akisema, msichana huyu naye ataanza kuhesabu Ijumaa, na mikono hii iliyokwisha kutulia itaanza kutetemeka kama yake.

"Umeruka masikio," alisema. "Rudia."

Akaketi kwenye kigoda. Mwanahalima alichota maji, akainama upande wa kichwa cha mgomba, akayamimina polepole, pale ambapo masikio yangekuwa.