Jozi Moja, Kibanio Kimoja

Bibi alikuwa dobi, na kanuni yake ya kuanika soksi haikuvunjwa hata na mawingu: jozi moja, kibanio kimoja. Soksi isiyo na pacha wake hubaki ndani ya beseni mpaka pacha aonekane. Ndiyo maana miaka yote hiyo hakuwahi kumpelekea mwalimu soksi za seremala.

Alasiri hiyo mjukuu wake alikaa kizingitini, daftari magotini, macho mekundu. Kesho yake ulikuwa mtihani wa marudio, wa mwisho. Akianguka tena, hesabu basi, na ndoto ya uuguzi nayo basi. Alikwisha kusema haendi.

"Mke mwenzangu, nani kakuliza?" Bibi akauliza.

Mjukuu akamwonyesha: kipeuo cha pili cha sabini na mbili, kirahisishwe. Bibi, aliyeishia darasa la tatu, alikitazama kile kialama kilichoifunika namba kama kibaraza. Akaona haya kidogo. Akafuta povu mikononi, akaketi, akaomba aelezwe polepole.

Mjukuu akasema sabini na mbili huvunjwavunjwa mpaka zibaki namba zisizovunjika tena: mbili, mbili, mbili, tatu, tatu. Ndani humo zinazidishana. Zilizofanana hutoka nje mbilimbili, ila kila jozi nje huandikwa namba moja tu. Hapo ndipo anapopotea. Yeye huzitoa zote.

"Kumbe soksi hizo," Bibi akasema.

Akachagua soksi tatu za buluu, kila moja ikawa namba mbili. Na nyeupe mbili, kila moja ikawa namba tatu. Jozi ya buluu, kibanio. Jozi ya nyeupe, kibanio. Buluu moja ikabaki peke yake ndani ya beseni. Mjukuu akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaandika: tano nje, mbili ndani ya kipeuo.

Bibi hakusifu. Dobi hakabidhi mzigo kabla ya kuukagua. Akauliza kama namba inaweza kurudishwa ilikotoka. Inaweza, mjukuu akajibu: ya nje izidishwe kwa yenyewe, kisha kwa ya ndani. Tano mara tano, ishirini na tano. Mara mbili, hamsini.

"Tulipokea sabini na mbili," Bibi akasema taratibu. "Nguo za watu zimepotelea wapi?"

Mjukuu akavitazama vibanio. Alikuwa amevijumlisha, mbili na tatu, kama Bibi anavyovihesabu kila jioni. Lakini kama ndani zinazidishana, na nje vilevile. Akafuta tano, akaandika sita. Sita mara sita, thelathini na sita. Mara mbili, na hapo Bibi akamtangulia: sabini na mbili.

Wakafanya nyingine saba, hata nguo zikasahaulika kugeuzwa.

Asubuhi mjukuu alivaa sare bila kuambiwa. Akafika njiani, akarudi, akachomoa kibanio kimoja kambani na kukibana kwenye mfuko wa shati.

"Nitakirudisha, Bibi."

"Usikimbie. Kagua mzigo."

Jioni Bibi alihesabu vibanio vyake. Kimoja kilipungua, wala hakukitafuta.