Kiuno cha Bi Somoe

Hakuna kiumbe anayedanganya kama mwanamke anayepimwa kiuno. Anjelina aliliamini hilo kuliko alivyoamini utabiri wa mvua, na dawa yake alikuwa nayo: kila kiuno alikiongeza inchi mbili kimyakimya. Mteja akavaa, akajisifu kwamba hajanenepa, na mambo yakaishia hapo kwa amani.

Mwezi huo alihitaji amani kuliko siku zote. Alikuwa ndiyo kwanza ameondoka kwa Bi Theresia, aliyemfundisha kazi, na kufungua kibaraza chake hapo Kilwa Masoko, yeye na mwenzake Justa na cherehani mbili. Kazi yao kubwa ya kwanza ikawa sare za harusi ya Hussen wa Songo Mnara: magauni manane ya kitenge, ya mama wa bwana harusi, mashangazi na mawifi. Miaka yote akina mama hao walikuwa wateja wa Theresia. Wakipendeza, wamehamia kwa Anjelina. Wasipopendeza, Anjelina atarudi kwa Theresia kupinda pindo za watu, na Theresia hana ugonjwa wa kusahau.

Kupanda boti watu wanane ili wakapimwe tu, kisha warudi, walikuona ni usumbufu. Vipimo vikaja kwa njia waliyoizoea kisiwani: kamba nane, kila moja na jina kwenye kipande cha karatasi, fundo moja la kifua, moja la kiuno, moja la nyonga. Aliyezifunga ni Bi Likwata, wifi yake mama wa bwana harusi. Anjelina akazinyoosha kwenye futi, akaandika, akatia inchi zake mbili, akampa Justa akate.

Siku mbili kabla ya harusi wakaja kuchukua. Shikamoo zikapokelewa, chai ikanywewa, na wa kwanza kujaribu akawa mama wa bwana harusi mwenyewe, Bi Somoe, mzito wa mwili na wa maneno. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka. Gauni lilimning'inia kama chandarua, na ndani bado palikuwa na nafasi ya mgeni. Wa pili vilevile. Wa tatu akagoma kutoka.

"Anjelina mwanangu," Bi Somoe alisema polepole, "hivi ndivyo unavyoniona?"

Hapo ndipo Anjelina alipobanwa. Akinyamaza, yeye ni fundi asiyejua kukata, na kabla ya adhuhuri Masoko nzima itakuwa na habari. Akisema kweli, atakuwa amewaita waongo wanawake wanane kwa mpigo.

"Mama, niliongeza inchi mbili," alisema. "Sisi wanawake tukipimwa tunabana matumbo. Sikuiamini kamba."

Justa akakohoa. Akakiri kwamba na yeye wakati wa kukata aliongeza mbili, kwa sababu hiyohiyo, na hakumwambia mwenzake asije akaonekana mjuaji. Macho yote yakahamia kwa Bi Likwata, aliyekuwa anakunja kanga iliyokwisha kukunjwa. Naye akasema kwamba matumbo hayo anayafahamu, yalibanwa mbele ya macho yake, basi kila fundo la kiuno alilisogeza inchi mbili ili watu wapate pa kuweka pilau.

Mashangazi wakamgeukia wakitaka kujua ni tumbo la nani hasa alilolitilia shaka. Sauti zikapanda. Justa akaanza kukunja magauni, na Anjelina akajiona tayari yuko mlangoni kwa Theresia, akibisha hodi.

Bi Somoe hakugombana na mtu. Aliketi kwenye benchi, na gauni likaketi baada yake.

"Theresia kanishonea miaka kumi na miwili," alisema. "Nikimwambia kiuno thelathini na sita, anashona thelathini na sita. Hajanibishia hata siku moja. Na harusi zote hizo mimi nimekula nimesimama."

Akainuka, akalivua gauni, akabaki na kanga yake kifuani. Akanyoosha mikono juu, akaliachia tumbo lote likae linapotaka, mbele ya mashangazi na mawifi.

"Haya," akamwambia Anjelina. "Pima."