Raba za Ambindwile

Kina mama wenzangu, nawaandikia mjihadhari. Wivu wangu mimi ulianza na jozi ya raba.

Ilikuwa enzi za ruksa, mitumba imeanza kujaa, nami naiuza sokoni Bulyaga. Jirani yangu, Mama Ambindwile, akaniomba: "Dada, ukifungua belo ukakuta raba kubwa, nitunzie. Kijana wangu hapati namba yake popote, na kocha anakuja kutoka Dar kuchagua wachezaji wa kikapu."

"Usijali," nikamwambia.

"Ndaga, dada," akanishukuru.

Wanetu wote wawili walikuwa warefu wa kuinama mlangoni. Lakini aliyesifiwa ni Ambindwile tu. Senta wetu wa chini ya kikapu, senta wetu, mpaka kanisani! Roho iliniuma. Lusungu wangu si alikuwa anaruka kumzidi?

Raba zikatoka kwenye belo, nyeupe, namba arobaini na nane. Nikampa Lusungu. Zilimpwaya, nikajaza magazeti mbele.

Siku ya mchujo uwanja ulikuwa umelowa. Vijana wakamcheka: "Lusungu, huo mguu umepanga vyumba viwili!"

Mama Ambindwile akanisogelea. "Mama Lusungu, hizo si ndizo nilizokuomba?"

"Hizo kaletewa na mjomba wake, kutoka Mbeya."

Akarudi kwa mwanawe. Lusungu akaruka kufuata mpira, akashuka, mguu ukageukia ndani ya kiatu. Kifundo kikavunjika. Mfupa uliunga, kuchechemea kukabaki. Ambindwile alicheza pekupeku, akachukuliwa.

Akachezea Dar, timu ya taifa, kisha Ulaya miaka tisa kwa mshahara. Televisheni ilipofika Bulyaga tukamwona chini ya kikapu, watu watatu wanamsukuma, hasogei. Wenzangu walishangilia. Mimi nilikuwa naitazama miguu yake.

Mwaka jana akaja nyumbani kutusalimia.

"Shikamoo, mama. Lusungu, kaka, raba za mjomba unazo bado? Nilizitamani siku ile! Mama alishamwomba mama yako anitunzie zangu, bahati mbaya hazikutokea kwenye belo."

"Mjomba gani?" akauliza Lusungu.

Nikainamia chai. Lusungu akanitazama, akaingia ndani, akatoka na zile raba.

"Zilikuwa zako. Jaribu."

Zilimkaa sawasawa, bila gazeti. Lusungu akapiga goti kwa mguu wake mbovu, akamfunga kamba. Na hapo, Mungu anisamehe, wivu ukanipanda tena.

Mama, ukiombwa kitu cha mtoto wa mwenzio, mpe. Lusungu amehamia Mpuguso. Salamu zake naletewa na watu.