Treni ya Kivita Nyuma ya Jiko

Taifa halikutangaziwa, lakini shuleni kwetu, nje kidogo ya Maganzo, kulikuwa na jeshi la reli. Lilikuwa na kichwa cha treni chenye urefu wa kiganja, mabehewa ya kubeba vifaru, na mzinga wa springi uliotengenezwa kwa kalamu ya wino.

Mkuu wa majeshi alikuwa Kalisti, mwenzangu wa kidato cha tatu. Kichwa na reli alipewa na padre mstaafu wa kwao Ushirombo. Mabehewa aliyakata mwenyewe kutoka makopo ya samaki. Mabaka ya kijeshi niliyapaka mimi, Thobias, nikizingatia kwamba sheria inamkataza raia kuvaa mabaka lakini haisemi lolote kuhusu makopo.

Makao yetu yalikuwa chumba kidogo nyuma ya jiko. Mwalimu Herman, mkuu wa shule, alikitamani kwa ajili ya maharage.

"Siku ya wazazi," alituambia, "treni hiyo ikizunguka mzunguko mzima bila kuguswa na mkono wa mtu, chumba ni chenu. Ikisimama njiani, jioni hiyo naingiza magunia."

"Na ikisimama kwa sababu za kiusalama, mwalimu?"

"Thobias, kaa kimya."

Kalisti hakucheka. Wengine tulikuja shule kwa sababu nauli ilishalipwa; yeye alirudi kila muhula kwa ajili ya chumba kile.

Tukaamua uwanja wa vita upendeze. Tuliomba mchanga kwa waosha almasi wa Maganzo, ule mzito unaobaki kwenye chekeche, mweusi na wenye kumetameta. Tukaumwaga kandokando ya reli na kuubandika kwa gundi. Ulipendeza kupita kiasi. Kesho yake, siku moja kabla ya wazazi kufika, treni ilifika kwenye kona, ikakohoa, ikafa.

Kalisti aliifungua. Mota ilikuwa imeota ndevu nyeusi.

"Hata Mwalimu Herman hana ndevu nzuri hivi," nilisema kwa masikitiko.

Mwanaima, mtoto wa Katoro na fundi wetu wa nyaya, alicheka mpaka akakaa chini. "Nyie watu wa almasi! Mchanga huo una chuma, na mota ina sumaku. Kwetu dhahabu haipandi mzani kabla ya kupitishiwa sumaku, mchanga mweusi utoke. Nyie mmeumwaga kwa makusudi!"

"Tuufagie," nilisema.

"Na gundi je?" Mwanaima aliuliza. "Ukiung'oa, unang'oa na reli. Ukiuacha, punje zinabanduka kila treni ikitikisika."

Kalisti alikuwa anaisafisha mota kwa mswaki wake. Halafu akainua kichwa.

"Treni za kivita zilikuwa zinasukuma behewa tupu mbele," alisema. "Bomu likitegwa relini, linalipukia behewa, kichwa kinapona. Nileteeni sumaku."

Sumaku tuliitoa kwenye spika ya redio ya bweni, ambayo ilikuwa imekufa. Madai kwamba ilikuwa mgonjwa tu hayajathibitishwa. Tukaifunga chini ya behewa tupu tuliloliweka mbele ya kichwa, ikining'inia juu kidogo ya reli.

Siku ya wazazi chumba kilijaa. Mwalimu Herman alitoa ufunguo wa kufuli, wenye pete ya chuma, akauweka kando ya reli mbele ya watu wote.

"Tutaona nani ataondoka nao," alisema.

Treni ikaondoka. Ikafika kwenye kona. Behewa la mbele likaota ndevu, kichwa kikapita salama. Ikaufikia ufunguo.

Kli!

Pete iliruka ikanasa kwenye sumaku. Ufunguo ukaburutwa, treni ikapunguza mwendo, magurudumu yakaanza kuteleza. Mwalimu Herman akanyoosha mkono.

"Bila kuguswa, mwalimu!" wazazi walipiga kelele.

Mkono ukarudi mfukoni. Kalisti akazungusha swichi ya umeme mpaka mwisho. Treni ikajikongoja, ikavuka alama ya kuanzia, ikasimama mbele ya Kalisti na ufunguo wa mkuu wa shule kama mateka wa vita.

"Wabeja!" Mama Kalisti alishukuru kwa Kisukuma, akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi Songwa.

Kalisti alibandua ufunguo, akaushika kwa mikono miwili, akamtazama mwalimu. Mwalimu Herman alichuchumaa, akalikagua behewa la mbele kwa muda mrefu.

"Magunia yatakaa ofisini kwangu," alisema. "Hebu izunguke tena."

Ilipompita mwalimu niliona ushindi unastahili mizinga. Nilisubiri amri ya kufyatua. Haikuja. Nikafyatua.

Punje ya haragwe ilimgonga kwenye kifungo cha shati, ikadunda, ikabingirika chini ya meza.

"Thobias," alisema bila kuondoa macho kwenye treni, "okota. Hayo ni maharage ya shule."