Alichosema Bi Mwamini Barabarani

Usiku wa kuamkia maonyesho ya filamu zake zote, Sikudhani Isuja aliota kwamba filamu zenyewe zimekuja kumchukua nyumbani kwake, Dodoma. Zilikuwa zimejipanga uani, kubwa mbele na ndogo nyuma, zimevaa vizuri. Gari la ukumbi lilikuwa likingoja nje, lakini zilikuwa zimekataa kupanda.

"Sisi ni filamu huru," ilisema ile ya nne, ambayo tangu zamani ilikuwa na maneno mengi. "Hatubebwi."

Sikudhani hakushangaa. Alizitengeneza kwa kamera ya kuazima na waigizaji waliokuwa majirani zake, bila kampuni ya kumwambia apunguze hapa na kuongeza pale, na hakuwahi kuzifundisha kutii. Aliuliza tu kama zimekunywa chai. Zikasema zimekunywa.

Basi wakaenda kwa miguu. Kwa kuwa yeye ndiye mwongozaji, ilimbidi atangulie, na kila walipofika njia panda zilisimama zikisubiri aonyeshe upande. Watu wanatoka madukani kuwaangalia. Muuza vipuri anamwambia mwenzake kwamba yule ndiye mwanamke aliyempiga picha marehemu babu yake yeye muuzaji akicheka, na kwamba picha nyingine ya mzee huyo haipo duniani. Sikudhani anasikia, anajifanya hajasikia, na anatembea kifua mbele.

Wanakata kona ya benki, na ukumbi uko Kondoa, katikati ya barabara ya vumbi alikokulia. Mlinzi wa mlangoni anaeleza kwamba haya ni maonyesho ya kutazama nyuma, kwa hiyo viti vyote vimeipa skrini mgongo. Wageni wamekaa wamegeuza shingo. Hakuna anayelalamika. Mmoja anasema ukishazoea haina shida.

Kwenye kiti cha mgeni rasmi amekaa Ukimya. Amevaa suti ya kijivu na ana kikombe cha kahawa anachokoroga bila kutoa mlio.

Sikudhani anamfahamu vizuri. Katika filamu yake ya kwanza, mama yake, Bi Mwamini, anakuja barabarani na ndoo kichwani, anasimama, anageuka pembeni na kusema kitu. Siku ile betri za kinasa sauti zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo midomo inacheza na hakuna kinachosikika. Wahakiki waliandika kwamba huo ndio ukimya mzito kuliko wote waliowahi kuuona, na filamu ikapewa tuzo. Sikudhani hakuwabishia. Lakini moyoni alijua kwamba siku ile alimrudisha mama yake mwanzo wa barabara mara nyingi mno, juani, na kwamba tangu asubuhi mpaka jioni mama hakumsemesha hata neno. Aliamini kwamba midomo ile ilikuwa ikisema mama amechoka naye. Mama alifariki kabla hajapata ujasiri wa kumuuliza.

"Mimi ndiye niliyekupa jina," Ukimya anamwambia kwa upole. "Naomba tusichokonoe mambo leo."

Sikudhani anauliza kama kuna mtu yeyote hapo aliyesikia maneno yale.

"Mimi," inasema baiskeli iliyolala mtaroni, na gunia la mkaa bado limefungwa nyuma yake. Inaeleza kwamba iliambiwa ikae kando, ikakaa, na hakuna aliyekuja kuiambia inaweza kurudi. Aliyekuwa akiisukuma alishaoa, akajenga, akahamia Babati.

"Nani alikuambia ukae kando?"

"Muulize mwenyewe. Yule pale."

Kwenye skrini Bi Mwamini amesimama, na ndoo kichwani. Ukimya anaacha kahawa yake, anainuka, anakwenda kusimama mbele ya skrini na kutanua koti lake ili lizibe picha yote.

Sikudhani anasema neno ambalo amelisema maisha yake yote, wala hapandishi sauti.

"Kata."

Ukimya anakatika kama mkanda. Koti linabaki chini, na mlinzi analiokota na kulitundika.

Bi Mwamini anageuka pembeni, na sauti yake inatoka, ile ile ya jikoni kwao, kavu kidogo.

"Tupishe hapo, baba. Mwanangu yuko kazini."

Kisha anamtazama Sikudhani moja kwa moja. Sikudhani anashindwa kujizuia, anamuuliza kwa nini basi hakumsemesha siku nzima.

"Ulituambia tusiongee na mtu wa kamera," mama anajibu. "Nikanyamaza. Ningerudia hata mpaka kesho yake, Siku. Nilikuwa nataka waone."

Wageni wanainuka, wanageuza viti, wanakaa upya wakiitazama skrini. Ile filamu ya nne inamwambia jirani yake kwamba yenyewe ilijua siku zote. Makofi yanaanza, na Bi Mwamini anashika ndoo kwa mkono mmoja ili isimwagike, anayapokea kama mtu anayepokea haki yake.

Sikudhani akaamka. Nje kulikuwa kunapambazuka. Hata uso hakunawa. Alifungua kompyuta kitandani na kuitafuta filamu ya kwanza.

Midomo ya mama yake ilikutana penye "tupishe", ikakutana penye "baba", ikakutana tena penye "mwanangu". Alijiambia kwamba midomo hukutana kwa maneno mengi, na kwamba mtu akitaka kusikia kitu atakisikia. Akarudisha nyuma. Safari hii, kwa mara ya kwanza tangu aipige picha ile, hakuutazama uso wa mama. Alitazama pembeni, alikokuwa akitazama mama.

Pale chini, kwenye ukingo kabisa wa picha, palikuwa na nusu ya gurudumu la baiskeli na pembe ya gunia. Vilisimama kidogo, vikageuka kuelekea mtaroni, vikapisha.