Touché Bariyerini

Mimi Aimée ni mchezaji wa escrime. Ni mchezo wa upanga: watu wawili wanavaa vinyago vya waya, wanashika panga nyembamba zisizo na makali, na anayemgusa mwenzake kwa ncha anapata pointi. Ni hilo tu, lakini nikilieleza kwetu Kashuga watu wananitazama kama nina homa. Mama aliwahi kuniuliza, "Aimée, mupanga haikate, unalimia nini?"

Nilifundishwa Goma na Maître Kabera, kwanza kwa fimbo za mianzi. Ukumbi wake haukuwa na zile taa za kuonyesha nani ameguswa, kwa hiyo sheria yake ilikuwa moja: ukiguswa, sema mwenyewe, "Touché!", yaani nimeguswa. Hata kama hakuna aliyeona. Mguso ni ule uliokubaliwa na aliyeguswa, basi. Nikawa bingwa wa mkoa mara mbili, na neno lile likanata ulimini kama bugali ya moto.

Mwaka ule wa vita nilikuwa Kashuga kwa Mama niliposikia kwamba wachezaji wa timu ya taifa watachaguliwa Goma, Jumamosi. Kila mtu aje na upanga wake. Asiye nao asijisumbue. Njia ilikuwa imekatika vipande vipande, kila kilima na wenyewe. Papa Polycarpe, mfanyabiashara wa Butembo, alikubali kunipakia kwenye Fuso yake, juu ya magunia ya maharage. "Mungu iko," alisema, akawasha gari.

Mungu alikuwepo hadi bariyeri ya tatu. Hapo vijana wenye bunduki walikuwa wamelaza mwanzi barabarani. Wa jeshi gani, sikujua. Siku zile nadhani hata wao walichanganyikiwa. Chef wao, mkubwa wa kikosi, akafungua mfuko wangu, akatoa kinyago, kisha upanga.

"Dada, njo nini hii? We unafanya kazi gani?"

"Niko championne d'escrime, chef."

Akarudi nyuma. "Championne des crimes?" Alisikia bingwa wa uhalifu.

Vijana wakainua bunduki.

"Hapana, chef! Escrime! Iko muchezo!"

"Crime iko muchezo?"

Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama. Nikasema "kuchoma kifuani", nikasema "bila kuua", na kila neno likanifanya muuaji zaidi. Papa Polycarpe alikuwa ameficha uso kwenye usukani. Hasira ilinipanda: miaka yangu yote ya jasho, na sasa nashtakiwa kwa sababu ya herufi mbili!

Ghafla chef akacheka. Akanirudishia upanga, akaokota fimbo. "Basi, tuonyeshe. Ukinigusa, unapita. Nikikugusa mimi, hii kitu inabakia kwangu."

Bila upanga hakuna Jumamosi. Nilikubali, ningefanya nini?

Nikamgusa kifuani. "Hapana," akasema. Nikamgusa tena, shati lake likabonyea. "Wapi? Siyasikia kitu." Vijana wakacheka, nami nikacheka nao, sijui kwa nini, huku roho inaniuma. Kisha akajikwaa, na ncha ya fimbo yake ikapita kwenye kiwiko changu, nyepesi kama nzi. Hakuna aliyeona. Yeye mwenyewe hakujua.

"Touché!" nikasema.

Mazoea yana taabu. Neno lilitoka kabla sijaliita, na Jumamosi yangu ikatoka nalo.

Lakini kwetu Kongo, mtu akipokea mshahara wake husema ametoucher, na sikioni ni neno lilelile. Kijana mmoja akateremsha bunduki. "Nani anasha toucher?"

"Dada anasema chef anasha toucher!"

"Kumbe! Sisi tunakula mihogo ya batu, ye anatoucher peke yake?"

Wakamzunguka. "Siyatoucher kitu, bandugu!" chef akapiga kelele. "Siyatoucher!" Alivyojua yeye, huo ulikuwa ukweli mtupu, na hakuna aliyemwamini. Mmoja alikuwa ameshamshika kola.

"Aimée, panda!" Papa Polycarpe akaita. Fuso ikakanyaga mwanzi, ikapita. Nilipokwisha kukaa juu ya magunia ndipo nilipoona upanga uko mkononi mwangu. Chef alikuwa bado karibu, anasukumwa huku na huku. Ningeweza kumtupia. Niliinua mkono kabisa, nikaushusha. Naye akaniona, akanipigia kelele kutoka katikati ya watu wake, "Championne des crimes!"

Tulipofika Sake, Papa Polycarpe alinikuta nalia. "Iko nini, mutoto? Si tumepita?"

"Alinigusa, Papa. Upanga iko yake."

"Na we ulimugusa kwanza."

"Alikataa."

"Na fimbo yake, nani aliona?"

"Mimi."

Akakuna kichwa. "Basi mi sielewe kitu," akasema. Wala mimi sikuelewa.

Jumamosi nilishinda. Ukumbi mzima ulisimama, watu wakapiga makofi, wakaita kwa sauti moja, "Championne d'escrime!" Kifaransa cha kwetu kina haraka, sikio haliwahi kutenganisha maneno. Nikainua ule upanga kuwasalimia, na sikujua ni jina lipi nililoitikia.