Mlango Uliotangulia Kwenye Lori

Shemeji yangu ni fundi seremala, na sifa yake nitampa kabla sijamtukana: kazi anaijua. Kitanda alichokitengeneza yeye hakilii hata ukirukia. Siku ya kuhamia shamba alianza na milango. Yote minne aliichonga kwa mikono yake baada ya ile ya mwenye nyumba kuliwa na mchwa, na aliapa hamwachii mtu hata bawaba. Tena mafundi wa mbao wanapopakia lori, milango hutangulia; hulazwa chini kabisa, vitu vingine vikapangwa juu yake. Kufikia saa nne asubuhi nyumba ilikuwa wazi kama kibanda cha soko.

Mimi ni mpishi wa shule, napikia watoto mia tatu kila siku, mikono yangu si ya kuchezea. Nilikwenda kumsaidia mdogo wangu kufunga vyombo, na kusema kweli nilikwenda kumzuia asiondoke. Shamba lenyewe, la urithi wa mumewe, ni safari ya siku moja na nusu, na jirani wa karibu yuko ng'ambo ya kilima. Shemeji alikuwa ameshanisimulia uzuri wake mara tatu, na kila mara alimalizia kwa kusema huko mtu anaishi bila kuchunguliwa. Mara ya tatu nilimwelewa. Nilijua akimfikisha kule, tutaletewa maiti.

Mdogo wangu alikuwa na miaka saba ya ndoa, na katika miaka hiyo aliniambia ameanguka bafuni mara tisa. Bafu gani hilo linalompiga mtu ngumi ya jicho? Nilimuuliza hivyo siku moja, akacheka, akabadilisha mazungumzo, nami nikamwacha abadilishe. Asubuhi hiyo, tukikunja mashuka, alininong'oneza kwamba haendi. Begi lake liko tayari nyuma ya jiko. Lori likishawashwa atasema amesahau kitu ndani, atokee uani, ndiyo imetoka hiyo. Nilimwambia mpango wenyewe ni wa kitoto, lakini moyoni nilishukuru.

Tulichosahau sote wawili ni chaki. Fundi yule huandika namba kwenye kila anachokifungua au kukifunga, kasha la sita, tendegu la kitanda la kumi na moja, ili akifika asikosee kuunga. Ilipokaribia saa sita alipita na orodha yake chumba kwa chumba, akafika jikoni, akakuta begi lisilo na namba.

Alilifungua. Zilikuwemo nguo za mkewe tu, jozi ya viatu na vyeti vyake vya shule. Alitembea taratibu hadi sebuleni tulipokuwa, akafika palipokuwa na mlango wa mbele, akanyoosha mkono kuufunga, kama alivyozoea kufanya kila mara kabla ya kupiga. Mkono ukashika hewa. Mlango ulikuwa ndani ya lori, chini ya kabati, kitanda na makasha kumi na manne.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Yeye aliwatazama wanawake waliokuwa wakichota maji bombani, akamtazama fundi viatu wa chumba cha pili kwenye kiti chake, na dereva aliyeegemea lori. Kisha akageuka, akampiga mkewe mbele ya wote hao. Kofi la kwanza lilimwangusha. La pili halikuwa kofi. Alimkamata nywele akambamiza uso kwenye kasha la vyombo, nikasikia sahani zikipasuka ndani, akambamiza tena. Damu iliruka hadi kwenye mashuka tuliyoyakunja. Alikuwa akimuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, anataka kuondoka kwa miguu ipi.

Nilichukua tendegu lililokuwa halijapakiwa. Nilimshushia la mgongo, akageuka kunikaba, nikamshushia la mkono na mfupa ukaalika. Nakiri nilifurahi. La kichwa nilikuwa nimeshalinyanyua, dereva akanidaka kwa nyuma. Hapo nyumba ilikuwa imejaa. Fundi viatu alimkalia shemeji mgongoni, na wanawake wa bombani walimpiga mateke ya mbavu hadi akatapika.

Shemeji, shavu limebanwa kwenye sakafu, alilalamika kwamba haya ni mambo ya mke na mume, na sisi tunaingilia tusiyoyajua.

"Tusiyoyajua?" fundi viatu akamjibu. "Ukuta wetu ni mmoja. Miaka saba tunasikia kila kitu."

Alisema kwa fahari, na wanawake wakaitikia kwamba hata wao, hata kule bombani. Mdogo wangu alikuwa ameketi sakafuni, kiganja mdomoni, jino moja limelala mbele yake. Aliutoa mkono.

"Nilikuwa nauma shuka msisikie," alisema. "Kumbe mlikuwa mnasikia."

Fundi viatu aliangalia chini. Mwanamke mmoja aliokota ndoo yake akatoka. Mdogo wangu akanigeukia mimi, jicho moja limeshaanza kufumba.

"Na wewe, dada?"

Nilijua tangu mwaka wa kwanza. Nilingoja aniambie mwenyewe, kwa sababu asiponiambia sikulazimika kufanya lolote, na hilo lilinifaa. Aliyasoma yote hayo usoni mwangu, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Aliinuka kwa kujishikilia ukutani, akaenda jikoni, akarudisha nguo zake begini moja baada ya nyingine. Nilishika mkono wa begi ili nimbebee. Alivibandua vidole vyangu, akapita katikati yetu hadi barabarani, na hakumuaga mtu.